Almasi haina bei ya siku: Jifunze kulisoma jiwe kabla ya kufungua pochi

KWA miaka mingi Kigongo ilikuwa mahali pa kusubiri. Magari yaliyotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni kungoja kivuko cha Busisi, na katika foleni hiyo watu walifanya biashara. Samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, mananasi, saa na mapambo ya mkononi, vyote vilipitishwa dirishani mwa basi.

Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilometa tatu, foleni hiyo imekwisha. Lakini fedha bado zinapita hapo, tena kwa kasi zaidi. Ni fedha za pamba, za sangara, za dagaa, za ng'ombe na za dhahabu ya Geita.

Kigongo iko katika Wilaya ya Misungwi, na wilaya hiyo haina samaki na pamba tu. Ukifika njia panda ya Usagara, barabara moja inakwenda Kigongo na nyingine inashuka Misungwi mjini, Mabuki na hatimaye Shinyanga. Mabuki kuna almasi. Mbele zaidi, wilayani Kishapu, kuna Maganzo na Mwadui, mahali ambapo mwaka 1940 Dk. John Williamson aligundua mwamba wa almasi wenye ukubwa wa hekta 146, mmoja wa mikubwa zaidi kuchimbwa duniani.

Kwa hiyo si ajabu mtu wa kando ya ziwa, akishauza mazao au samaki, akakutana na mwenye jiwe. Siku hizi mara nyingi si jiwe ghafi. Ni pete yenye jiwe la mstatili, pembe zake zimekatwa, na muuzaji anaapa kuwa ni almasi halisi ya mkato wa ngazi, aina wanayovaa matajiri. Bei yake, anasema, ni nusu ya ile ya dukani kwa sababu ana shida.

Swali ni moja: mnunuzi atajuaje?

Tatizo ni kwamba wakazi wengi wa Kanda ya Ziwa wanaifikiria almasi kama wanavyoifikiria dhahabu. Dhahabu ina bei ya siku. Ukijua uzito na usafi wake, unapiga hesabu ya gramu mara bei, na jibu la Mwanza halitofautiani sana na la Dubai.

Almasi haiko hivyo. Mawe mawili yenye uzito uleule yanaweza kutofautiana bei mara kumi. Almasi haina bei ya siku, ina bei ya daraja. Asiyejua daraja hawezi kujua bei, awe ananunua au anauza.

Pamba safi na pamba fifi

Jambo hili si geni kwa mkulima. Kila msimu bei ya pamba hutangazwa, lakini hakuna mkulima anayeuliza bei ya pamba bila kuuliza kama ni ya safi au ya fifi. Akipeleka mzigo wenye uchafu na maji, anajua kitakachotokea mizanini.

Mvuvi naye anajua. Bondo la sangara haliuzwi kama maharage. Kilo ya mabondo makubwa ina bei yake na kilo ya mabondo madogo ina bei nyingine kabisa, ingawa mizani inasoma kilo ileile. Ukubwa wa bondo mojamoja ndio unaopandisha bei ya kila kilo.

Almasi inafuata kanuni hiyohiyo. Kipimo chake ni karati, na karati moja ni sawa na sehemu ya tano ya gramu, yaani gramu moja ina karati tano. Lakini jiwe la karati mbili si mara mbili ya bei ya jiwe la karati moja. Ni zaidi ya hapo, kwa sababu mawe makubwa ni adimu.

Mambo manne ndiyo yanayounda daraja: uzito, rangi, usafi na mkato. Mfumo huu ulienezwa na taasisi ya Marekani ya GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, na sasa unatumika karibu duniani kote. Rangi hupimwa kwa herufi kuanzia D, ambayo haina rangi kabisa, hadi Z, yenye manjano yanayoonekana wazi. Usafi huanzia jiwe lisilo na kasoro hata chini ya lenzi hadi lile ambalo kasoro zake huonekana kwa macho matupu.

Ngazi haifichi kitu

Katika mikato yote, mkato wa ngazi ndio unaofaa zaidi kujifunzia, kwa sababu ndio usioficha kitu.

Almasi ya duara, ambayo ndiyo ya kawaida sokoni, hukatwa nyuso nyingi ndogo za pembetatu. Mwanga ukiingia hupasuliwa vipande vipande na kurudi kwa cheche. Cheche hizo ni nzuri kwa macho, lakini pia ni pazia. Doa dogo ndani ya jiwe hupotea katikati ya mng'aro.

Mkato wa ngazi ni tofauti. Nyuso zake ni ndefu, nyembamba na zimepangwa sambamba, moja chini ya nyingine, mithili ya matuta ya ngazi yanayochimbwa mlimani kuzuia mmomonyoko. Juu kuna uso mpana ulio bapa unaoitwa meza. Mwanga haurudi kwa cheche bali kwa mapana, unawaka na kuzima jiwe linapogeuzwa. Ukitazama kupitia mezani ni kama kutazama kisimani maji yakiwa yametulia: kilichomo chini kinaonekana.

Aina zinazojulikana zaidi ni mbili. Ya kwanza ni ya mstatili wenye pembe zilizokatwa, inayoitwa mkato wa zumaridi kwa sababu ulitumika kwanza kwa mawe ya zumaridi. Ya pili ni ya mraba, inayoitwa Asscher kwa jina la sonara Joseph Asscher wa Amsterdam, Uholanzi, aliyeibuni mwaka 1902.

Kutokana na uwazi huo, anayenunua jiwe la ngazi anapaswa kuweka fedha zake kwanza kwenye usafi. Jiwe la duara lenye daraja la SI, yaani lenye kasoro ndogo, linaweza kuonekana safi kwa macho. Daraja hilohilo kwenye jiwe la ngazi mara nyingi litaonyesha doa katikati ya meza. Wajuzi wengi hushauri kuanzia VS2 kwenda juu, na kwa jiwe kubwa la karati mbili au zaidi, VS1.

Lakini daraja peke yake halitoshi. Mnunuzi aulize doa liko wapi. Doa lililo pembezoni, karibu na mahali pa kushikiliwa na vidole vya pete, si tatizo kubwa. Doa lilelile likiwa chini ya meza ni tatizo. Na likikaa vibaya karibu na nyuso za chini, linaweza kujirudia kama sura katika vioo viwili, doa moja likaonekana matatu.

Vipimo vinavyoweza kufanywa mezani

Kukagua jiwe la namna hii hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji karatasi nyeupe, mwanga wa mchana wa kivulini, rula ndogo ya milimita na lenzi ya sonara inayokuza mara kumi. Taa kali za dukani ziepukwe. Taa hizo zimewekwa kumsaidia muuzaji.

Kwanza ni rangi. Jiwe liwekwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe na litazamwe kwa ubavu. Jiwe la ngazi huonyesha rangi zaidi kuliko la duara, hivyo H ya mstatili inaweza kuonekana ya manjano kuliko H ya duara. Anayetaka kulivalisha katika fedha au dhahabu nyeupe atafute G au juu yake. Anayetaka dhahabu ya manjano anaweza kushuka hadi I au J akaokoa fedha, kwa sababu dhahabu yenyewe itameza manjano hayo.

Pili ni umbo. Urefu ugawanywe kwa upana. Jiwe la milimita saba kwa tano linatoa 1.4, na hilo ni umbo linalopendwa, kwani wengi hutaka kati ya 1.3 na 1.5. Asscher inapaswa kukaribia 1.0. Umbo ni hiari ya mvaaji, lakini kuna thamani katika umbo ambalo wengine pia watalitaka siku ya kuuza.

Tatu ni kina, na hapa ndipo wengi huibiwa kihalali. Kina kigawanywe kwa upana, kisha kizidishwe kwa mia. Jiwe lenye upana wa milimita tano na kina cha milimita 3.3 lina asilimia 66, kiwango cha kuridhisha. Kwa ujumla kati ya asilimia 60 na 68 ni eneo salama.

Jiwe lenye kina cha asilimia 75 limeficha uzito tumboni. Mnunuzi analipia karati moja lakini juu anaona ukubwa wa karati pungufu. Ni sawa na gunia la lumbesa, isipokuwa hapa anayepunjwa ni mnunuzi. Jiwe lenye kina kidogo mno nalo lina ugonjwa wake. Mwanga unapita moja kwa moja badala ya kurudi, na likiwekwa juu ya gazeti maandishi yanaonekana kwa chini.

Nne ni ulinganifu. Ngazi ziwe sambamba kila upande, pembe nne zilizokatwa ziwe na ukubwa mmoja, na mstari wa chini kabisa uwe katikati. Katika mkato wenye mistari mirefu, kosa dogo huonekana mara moja, kama mstari wa pamba uliopindwa na maksai. Pembe pia zikaguliwe kama hazijamegeka.

Hatua hii ya nne ina uzito wa pekee. Kwa muda mrefu hati za GIA zimetoa daraja la mkato kwa almasi za duara tu. Jiwe la mstatili likiwa na hati ya rangi D na usafi wa hali ya juu, bado linaweza kuwa limekatwa vibaya, na hati isiseme. Kazi hiyo ameachiwa mnunuzi na macho yake.

Tano ni uzito wenyewe. Bei ya kila karati huruka jiwe linapofika nusu karati, karati moja, moja na nusu, mbili. Jiwe la karati 0.95 huuzwa kwa bei ya chini waziwazi kuliko la 1.00 lenye daraja lilelile, ingawa hakuna jicho litakalotofautisha. Anayenunua kwa kuvaa anunue chini kidogo ya namba hizo.

Na jambo la kumfurahisha mwenye bajeti ndogo: jiwe la ngazi kwa kawaida ni nafuu kwa kila karati kuliko la duara la daraja hilohilo. Sababu ni mbili. Watu wengi zaidi wanataka duara, na kukata duara hupoteza zaidi ya nusu ya jiwe ghafi mara nyingi, wakati jiwe ghafi refu likikatwa ngazi hubakiza zaidi.

Vipimo vya mtaani vya kuachana navyo

Kuna vipimo vinavyosifiwa sana vijiweni ambavyo vimewagharimu watu.

Cha kwanza ni nyundo. Inasemwa kuwa almasi halisi haivunjiki. Si kweli. Almasi ndiyo ngumu kuliko mawe yote kukwaruzwa, lakini hupasuka ikigongwa, kama kioo kizito. Mchimbaji anayegonga jiwe kulijaribu anaweza kuwa amevunja nyumba yake ya bati.

Cha pili ni kukwaruza kioo. Almasi hukwaruza kioo, lakini hata jiwe la kwazi, ambalo limejaa vilimani Usukumani, hukwaruza kioo. Kipimo hicho hakithibitishi lolote.

Cha tatu ni kile kifaa kidogo chenye taa na sauti ambacho hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kifaa hicho kitakikamata kioo na zirkonia, lakini jiwe la kutengenezwa linaloitwa moisanaiti hupitisha joto karibu sawa na almasi na hukidanganya. Kwa lenzi, moisanaiti hujifichua: kingo za nyuso za chini huonekana mbilimbili.

Lakini kuna mgeni ambaye hata lenzi haimtambui. Ni almasi iliyokuzwa maabara. Ni almasi kweli kwa kemia, kwa ugumu na kwa mng'aro, na kuitofautisha kunahitaji mashine maalumu. Kuinunua si kosa. Kosa ni kuinunua kwa bei ya almasi iliyotoka ardhini, kwa sababu bei ya zile za maabara imeporomoka sana katika miaka ya karibuni. Juni 2025 GIA yenyewe ilitangaza kuwa itaacha kuzipa almasi za maabara madaraja yaleyale ya rangi na usafi yanayotumika kwa almasi za asili.

Ndiyo maana hati ya maabara inayoaminika ni lazima kwa jiwe lolote la fedha nyingi. Namba ya hati ilinganishwe na ile iliyochorwa kwa miali kwenye kiuno cha jiwe, na namba hiyo itafutwe kwenye mtandao wa maabara husika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Aliye na pete nzuri hana haja ya kukimbia nayo stendi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kama kinachotembezwa ni almasi ghafi, kuna hatari nyingine: sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kununua au kumiliki madini ghafi. Anayedhani amepata bei nafuu anaweza kuwa amenunua kesi.

Si akiba ya msimu

Hapa inafaa isemwe wazi. Pete ya almasi ni pambo na ni kumbukumbu. Si benki.

Mkulima aliyenunua ng'ombe anaweza kumuuza mnadani wiki ijayo kwa bei inayokaribia aliyonunulia. Aliyenunua dhahabu atapata bei ya siku, akipunguziwa ya ufundi. Aliyenunua almasi dukani akirudi kuiuza atakuta bei imeshuka sana, kwa sababu alilipa faida ya kila mkono uliolishika jiwe tangu mgodini. Fedha ya ada, ya mbegu au ya nyavu isigeuzwe almasi.

Wapo watakaosema kwamba, kama ni hivyo, elimu hii ni ya matajiri na haina kazi Kigongo. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu Misungwi na Kishapu si wilaya za wanunuzi tu. Ni wilaya za wauzaji. Kipimo kinachomwokoa mnunuzi wa pete ndicho kinachomwokoa mchimbaji mdogo wa Mabuki na Maganzo.

Mchimbaji anayejua kwamba jiwe refu, jeupe na lisilo na ufa katikati linafaa kukatwa ngazi, na kwamba wa upande wa pili atauza usafi huo kwa bei ghali, hatakubali kuambiwa "hili ni dogo tu" kwa kutazamwa sekunde mbili chini ya mti. Atalipima mwenyewe kwa mizani ya karati. Atalitazama kwa lenzi. Atauliza daraja kabla ya kuuliza bei.

Hata wakubwa hutofautiana

Asidhani mtu kuwa ugumu wa kukadiria almasi ni wa wasiosoma tu. Septemba 2017 Serikali ilizuia katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, almasi za Mwadui zenye zaidi ya karati 71,000. Thamani iliyokuwa imeandikwa ilikuwa takriban dola milioni 14.8 za Marekani. Serikali ilisema thamani halisi ni dola milioni 29.5. Kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mbia mkubwa wa mgodi, ilikanusha kufanya udanganyifu, na Desemba 2021 pande hizo zilitia saini makubaliano ya kumaliza tofauti zao.

Mzigo mmoja, thamani mbili, na moja ni karibu mara mbili ya nyingine. Kama hilo linawezekana kati ya taifa na kampuni, zote zikiwa na wataalamu na mashine, mchimbaji mwenye chekeche na kaptula iliyochanika ana kinga gani?

Mfano mwingine ni wa mwaka uleule wa 2021. Jiwe ghafi la rangi ya waridi kutoka Mwadui, la karati 32.32, liliuzwa kwa dola milioni 13.8. Kutoka katika jiwe hilo ilikatwa almasi ya karati 11.15 iliyopewa jina la Williamson Pink Star. Oktoba 2022 ilinadiwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7.

Hesabu yake inafundisha. Likiwa ghafi, kila karati ilikuwa na thamani ya takriban dola 427,000. Baada ya kukatwa, uzito ulibaki kama theluthi moja, lakini kila karati ikawa zaidi ya dola milioni tano. Ni kweli kwamba almasi za waridi ni adimu mno, na mkataji alibeba hatari kubwa ya kuharibu jiwe. Si kila jiwe hufanya muujiza huo. Lakini mwelekeo ni uleule kwa jiwe dogo jeupe: ujuzi wa kusoma na kukata ndio unaochukua sehemu nono.

Nini kifanyike

Kuanzia Machi 2019, lilipofunguliwa soko la Geita, nchi imekuwa na masoko ya madini. Mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo wanaouza humo. Hatua hizo ziliwatoa wauzaji wengi vichakani, na zinastahili pongezi.

Lakini kwa almasi, jengo na mizani havitoshi. Mizani ya dhahabu inamaliza mjadala. Mizani ya almasi inauanzisha. Bei elekezi nayo haimsaidii mtu asiyejua jiwe lake liko daraja gani, kama vile bei ya pamba isivyomsaidia asiyejua safi na fifi.

Kwa hiyo mambo matatu yanahitajika. Kwanza, muuzaji mdogo apewe karatasi ya tathmini kabla hajakubali bei, yenye uzito, rangi, usafi na umbo linalofaa kukatwa, kwa Kiswahili chepesi. Akitaka kwenda kwa mnunuzi wa pili, aende na karatasi yake. Wapo wanaosema haiwezekani kwa kuwa kila jiwe ni la pekee. Hata ng'ombe kila mmoja ni wa pekee, na bado minada ya Usukumani haijashindwa kuwapanga kwa madaraja.

Pili, mthamini awafuate wachimbaji kwa siku maalumu, Mabuki na Maganzo, kama bwana shamba anavyofuata wakulima. Lenzi ya mara kumi si kifaa cha gharama, na vyama vya wachimbaji vinaweza kumiliki chache pamoja na mizani ya karati kama AMCOS zinavyomiliki mizani ya pamba.

Tatu, vijana wa Kanda ya Ziwa wapelekwe kujifunza kukata. Kituo cha Jemolojia Tanzania kipo Arusha. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka mrabaha wa asilimia moja tu kwa vito vilivyokatwa, wakati almasi ghafi ilitozwa asilimia tano, ikapanda hadi sita mwaka 2017. Sheria imeshaonyesha njia, wanaokosekana ni mafundi. Mwanza tayari ina kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa Juni 2021. Hakuna sababu ya msingi ya almasi ya Mabuki kuendelea kupita Usagara ikiwa ghafi, na kurudi miaka kadhaa baadaye ikiwa ndani ya pete ambayo mtu wa Misungwi hawezi kuisoma.

Kwa mnunuzi, ushauri ni mfupi. Anayeonyeshwa jiwe la ngazi asitazame linavyong'aa. Atazame ndani yake, kwa mwanga wa mchana, bila haraka. Kama muuzaji hataki jiwe litoke kwenye taa zake, au hataki kusubiri hati ihakikiwe, jibu limeshapatikana.

Daraja limeondoa kusubiri pale Kigongo, na hilo ni jema kwa samaki na kwa mgonjwa anayewahishwa Bugando. Kwa almasi, kusubiri bado kuna faida.